Ua la uani linalouzwa kwa posta huko Oregon

Wahenga walisema tembea uone. Mkenya akilisikia jina la Oregon, jimbo lililo pwani ya magharibi ya Marekani, aghalabu hukumbuka riadha. Mji wa Eugene katika jimbo hilo ndio ulioandaa mashindano ya dunia ya riadha mnamo Julai 2022. Ni katika mji huo huo, Jumamosi ya Mei 25, 2024, ambapo Beatrice Chebet aliuzunguka uwanja wa Hayward mara 25 kwa dakika 28 na sekunde 54, akawa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 kabla ya dakika 29 kutimia.

Walakini yapo mambo mengine ya jimbo hilo ambayo redio zetu hazina nafasi ya kuyatangaza. Mojawapo ni ua liitwalo airisi, na watu wanaolipanda nyuma ya nyumba zao, wakalichimba, wakalitia katika kisanduku cha karatasi na kulipeleka posta kama barua.

Msimu wa ua hili ni mfupi. Huanza katikati ya Mei na kufikia siku za kwanza za Juni umekwisha. Kwa hivyo mashabiki wa riadha waliokuwa Eugene siku ile walikuwa karibu sana nalo bila kujua. Mtu akitoka Eugene na kushika barabara kuu ya kuelekea Portland, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari humfikisha Salem, ambao ndio mji mkuu wa jimbo. Mji wa Keizer umepakana na Salem kiasi kwamba mgeni hawezi kujua mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Wenyeji wa Keizer wanajigamba kuwa mji wao ni makao makuu ya airisi duniani, na kwa miaka mingi walifanya sherehe ya ua hilo mwezi wa Mei, yenye gwaride na michezo ya watoto.

Mgeni anayefika wakati huo huona mashamba yaliyopigwa mistari mirefu ya rangi, zambarau, manjano, nyeupe, kahawia, samawati, kana kwamba mtu ametandaza leso za Mombasa juani zikauke.

Bonde la udongo mzuri

Hapa ni katika bonde la mto Willamette. Upande wa mashariki umesimama mfululizo wa milima ya Cascade, na siku isiyo na mawingu mtu huweza kuuona mlima Hood ukiwa na theluji kileleni, jambo ambalo humkumbusha mtu wa Nyeri au Nanyuki kwao. Upande wa magharibi kuna milima mifupi inayolitenga bonde na bahari ya Pasifiki.

Udongo wa bonde hili una historia ya ajabu. Mwishoni mwa enzi ya barafu, maelfu ya miaka iliyopita, ukuta wa barafu uliokuwa umezuia ziwa kubwa mahali ambapo leo ni Montana ulikuwa ukipasuka. Mafuriko yalikuja mara nyingi, yakakwangua udongo njiani na kuja kuutua katika bonde hili. Hasara ya kule ikawa faida ya huku. Leo bonde linatoa mbegu za nyasi, zabibu, matunda ya beri, miti ya Krismasi na njugu za hezeli, ambazo karibu zote zinazovunwa Marekani hutoka Oregon.

Jambo la pili ni mvua. Huku kwetu tumezoea masika na vuli. Kule mvua hunyesha tangu mwisho wa Oktoba hadi majira ya kuchipua, mvua ya manyunyu isiyo na radi nyingi, halafu Julai na Agosti ni kiangazi kikavu. Ratiba hiyo inaipendeza airisi mno. Hunywa maji wakati wa baridi, huchanua Mei, kisha hutaka kukaa pakavu juani bila kusumbuliwa.

Isitoshe, ua hili si geni katika nchi hiyo. Kabla ya walowezi kufika, wenyeji wa magharibi ya Oregon waliijua airisi ya mwituni, ambayo wataalamu huiita Iris tenax. Neno tenax ni la Kilatini, na maana yake ni kitu kigumu kukatika. Wenyeji hao walichambua nyuzi za majani yake wakasokota kamba za kutegea wanyama, kama vile sisi tunavyotumia mkonge. Wao waliitafuta kwa ajili ya kamba, na wazungu waliokuja baadaye wakaitafuta kwa ajili ya rangi.

Ua lenyewe

Airisi zote duniani ni jamii ya aina karibu 300. Jina ni la Kigiriki, la mungu wa kike wa upinde wa mvua katika hadithi za Wagiriki wa kale. Wanafunzi wa biolojia watakumbuka kwamba ile sehemu yenye rangi katika jicho la binadamu nayo huitwa kwa jina hilo hilo. Na mama anayepika biriani Lamu au Mombasa anaijua familia hii bila kuambiwa, kwa kuwa zafarani ni jamaa ya airisi.

Inayouzwa sana katika bonde la Willamette ni airisi yenye ndevu. Usishangae, msomaji, kwani ndevu zenyewe zipo. Ua lina vipande sita vikubwa vyenye rangi. Vitatu husimama wima na kukutana juu kama paa la banda, na vitatu huning'inia chini kama ulimi. Juu ya kila kilichoning'inia kuna mstari wa nywele laini, mfano wa kiwavi aliyelala. Nyuki hutua hapo, akafuata ndevu hizo kuingia ndani kutafuta asali, na katika kupita mgongo wake hukwanguka chavua.

Chini ya ardhi hakuna kitunguu wala mzizi mrefu. Kuna tunguu nene linalolala ubavu, ambalo mtu akilishika mkononi atadhani ni tangawizi kubwa. Biashara yote ninayoieleza hapa imejengwa juu ya tunguu hilo. Tunguu moja huchanua mara moja tu maishani. Likishatoa maua yake, halichanui tena, lakini ubavuni huwa limekwisha kuzaa matunguu machanga, na hayo ndiyo yatakayochanua miaka inayofuata.

Tena tunguu ni stahimilivu. Likichimbwa, likaoshwa na kukaushwa, laweza kukaa wiki kadhaa bila udongo wala maji na lisife. Mwenye waridi hana raha hiyo. Waridi la Naivasha lisipopata ndege yenye ubaridi usiku huo huo, ni hasara. Mwenye airisi hulitia tunguu katika kisanduku kilichotobolewa matundu ya hewa, akabandika stempu na kurudi nyumbani kunywa chai.

Mwajiriwa wa duka aliyeacha urithi

Bustani kubwa kuliko zote katika eneo hilo ni ya jamaa ya Schreiner, nje kidogo ya Keizer na Salem. Ina ekari kama 200 za airisi, na ekari 10 hivi za bustani ya maonyesho ambayo umma huruhusiwa kutembea wakati wa msimu. Anayeyaona mashamba hayo leo ni vigumu kusadiki kwamba yalianza kama mchezo wa mtu mmoja uani kwake.

Mwanzilishi, Francis Xavier Schreiner, hakuwa mkulima. Alikuwa mnunuzi wa bidhaa katika duka kubwa mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, na saa za mapumziko alikusanya airisi. Mkusanyo ulipojaa ua wa nyumba, mnamo 1925 akaanza kuuza ziada. Alifariki 1931, wakati Marekani ilipokuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Watoto wake hawakuiacha kazi hiyo. Baridi ya Minnesota ilikuwa kali mno kwa mimea, kwa hivyo katikati ya miaka ya 1940 wakaihamishia yote Oregon. Wajukuu na vitukuu ndio wanaoiendesha sasa.

Mojawapo ya airisi walizozalisha ni ya samawati yenye doa jeupe, nao wakaipa jina la Victoria Falls, maporomoko yaliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Mnamo 1984 airisi hiyo ilipata Nishani ya Dykes, ambayo ni tuzo kubwa kuliko zote katika mambo ya airisi. Nishani hiyo imepewa jina la William Rickatson Dykes, mwalimu wa Uingereza aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu ua hili mnamo 1913.

Nyumbani kwa mwalimu mstaafu

Lakini ekari 200 si habari ya mtu wa kawaida. Nilichotaka kuona ni mwenye ua mdogo anavyofanya. Wenyeji wangu wa Salem wakanipeleka kwa mwalimu mmoja mstaafu na mumewe, katika barabara ya mashambani iendayo Silverton. Jina lake silitaji kwa kuwa hakupenda.

Kwa mazoea ya kwetu nilimwita mama. Akacheka, akasema huko hata watoto wa jirani humwita kwa jina lake la kwanza.

"Lakini usiache," akaniambia. "Hilo la mama nimelipenda."

Nyuma ya nyumba yao kuna nusu ekari, na humo mna aina zipatazo 300. Kila fungu lina kibao kidogo cha bati chenye jina, mwaka na aliyelizalisha. Langoni kuna meza, na juu ya meza daftari na kisanduku cha pesa. Mgeni hutembea katikati ya mistari, akipendezwa na ua huandika jina lake katika daftari pamoja na jina na anwani yake mwenyewe, hulipa, halafu huenda zake mikono mitupu.

Niliuliza kwa nini haondoki na alichonunua. Mama akaeleza kwamba airisi haichimbwi ikiwa na ua. Mteja huchagua Mei, na tunguu huchimbwa Julai au Agosti. Wa karibu hurudi na gari kuchukua, wa mbali hutumiwa kwa posta. Kwa muda wa miezi miwili, basi, muuzaji amekwisha kula pesa na mnunuzi hana kitu ila imani. Katika miaka yake yote ya kuuza, mama huyo asema hajawahi kumkosesha mtu tunguu lake, na siku atakayofanya hivyo ndiyo siku ya kufunga lango.

Oregon haina kodi ya mauzo, kwa hivyo bei iliyoandikwa ndiyo inayolipwa, na hesabu ya kisanduku ni rahisi. Hata hivyo serikali haiko mbali. Mwenye kuuza mimea, mauzo yakipita kiwango kidogo kilichowekwa, hana budi kupata leseni ya kitalu kutoka idara ya kilimo ya jimbo, ili mimea yenye magonjwa isisambazwe.

Bei inayopunguzwa na uzazi

Sisi husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa airisi methali hiyo ni kweli nusu. Kizuri hujiuza, lakini pia hujishushia bei.

Airisi mpya inapotoka kwa mara ya kwanza, tunguu moja huweza kuuzwa dola 50 au 60, yaani zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya. Anayeinunua ni mpenzi wa ua ambaye hataki jirani amtangulie. Sasa chukua kalamu. Tuseme kila tunguu linatoa matatu kwa mwaka. Moja lako la mwaka huu litakuwa matatu mwakani, kisha tisa, kisha 27, na mwaka wa nne 81. Na wewe si mnunuzi pekee. Kila aliyenunua anazalisha kama wewe. Baada ya miaka michache ua lile lile liko katika kila kijiji, na bei imeshuka hadi dola saba au nane.

Ndiyo sababu muuzaji mdogo huishi katika mbio. Akikaa na aina za zamani tu, atauza nyingi kwa bei ndogo. Akitaka bei kubwa hana budi kununua aina mpya kila mwaka, kwa pesa nyingi, na kubahatisha ipi watu wataipenda. Au azalishe yake mwenyewe.

Mama wa Silverton hufanya yote mawili kwa kiasi. Theluthi ya nafasi ameiachia aina za karibuni, na zilizosalia ni zile ambazo wateja hurudi kuziuliza mwaka baada ya mwaka. Alinieleza kwamba mapato hulipa kodi ya nyumba na ardhi ya mwaka, na kikisalia kitu humwendea mjukuu aliye chuoni. Hayajawahi kuwatosha kuishi, na wanaishi kwa pensheni. Wanaodhani kwamba maua ya uani yatawatajirisha, akasema, waje Julai wamsaidie kuchimba.

Kutafuta ua ambalo halijaonekana

Kuzalisha airisi mpya hakuhitaji mashine. Mtu huchukua kibanzi, akakichomoa kifuko cha chavua kutoka ua moja, akakipaka katika mdomo mdogo ulio ndani ya ua jingine. Ua likinyauka, hutokea tumba la kijani linaloiva kwa muda wa miezi miwili hivi, lenye mbegu kadhaa. Mbegu hupandwa, hukaa baridi nzima ardhini, na mche huchukua miaka miwili mitatu hadi kuchanua.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Katika mbegu elfu moja, zilizo nyingi hutoa ua la kawaida tu, na hutupwa. Chache huachwa zitazamwe tena. Je, bua ni imara? Maua yanaachana vizuri au yanasongamana? Mmea unazaa upesi? Tangu siku ya kupaka chavua hadi siku ya kuuza tunguu la kwanza huweza kupita miaka saba au zaidi. Jina nalo husajiliwa na American Iris Society, chama kilichoanzishwa 1920, ambacho huhakikisha kwamba airisi mbili hazibebi jina moja.

Rangi moja imewashinda wote. Ziko airisi za waridi, za machungwa, za kahawia, hata za zambarau iliyokolea mpaka ikaonekana nyeusi. Nyekundu kama ile iliyo katika bendera yetu haipo. Watafiti wa Oregon State University walifika hadi kupandikiza jeni kutoka viumbe vingine ndani ya airisi, lakini petali hazikuwa nyekundu. Atakayeipata hatahitaji kutangaza biashara.

Kazi ya Julai

Msomaji anayeishi mjini huenda akadhani kazi ya maua ni kumwagilia na kunusa. Fungu la airisi likikaa miaka mitatu au minne husongamana na kuacha kuchanua vizuri. Lazima ling'olewe lote kwa uma wa shambani, ligawanywe kwa kisu, tunguu kuukuu litupwe na machanga yabaki. Majani hukatwa yawe mafupi kama kiganja, katika umbo la kipepeo cha ukili. Mizizi hupunguzwa. Kisha huoshwa na kuanikwa kivulini ili majeraha yakauke.

Katika shughuli hiyo yapo mambo mawili ya hatari. La kwanza ni uozo. Tunguu lililojeruhiwa katika unyevu huingiwa na bakteria, likawa rojorojo lenye harufu mbaya, na ugonjwa huo hupita kwa kisu hadi kwa jingine. Kwa hivyo kisu husafishwa kwa dawa kila mara. La pili ni jina. Matunguu ya airisi yote yanafanana. Ya dola 60 na ya dola 8 huwezi kuyatofautisha kwa macho. Yakichanganyika mezani, mteja atangojea hadi Mei ijayo ndipo agundue kwamba aliuziwa siyo. Dawa yake nimeipenda kwa urahisi wake. Jina huandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya jani lenyewe, kabla tunguu halijatoka mkononi mwa mchimbaji.

Wanyama nao wana haki yao. Paa wa mwituni huiacha airisi kwa kawaida, lakini fuko wa bonde hilo hupita chini kwa chini, akala mizizi, na mtu huamka asubuhi akaona mstari umezama.

Lango likifungwa

Karibu na hapo, Silverton, palikuwa na bustani nyingine mashuhuri, Cooley's Gardens. Nayo ilianza kwa mtu na mkewe, Rholin na Pauline Cooley, mnamo 1928. Walipata bahati ya kuwa na jirani daktari, R. E. Kleinsorge, ambaye baada ya kutibu wagonjwa alizalisha airisi kwa mapenzi yake. Yeye akawa mzalishaji na wao wauzaji. Katalogi yao yenye picha za rangi ilisomwa Marekani nzima, na bustani ikaishi miaka zaidi ya 80. Mnamo 2011 ikafunga.

Kila mpandaji wa bonde hilo anaikumbuka habari hiyo, na mwalimu wetu mstaafu anaikumbuka zaidi. Mumewe mgongo hauruhusu tena kuinama. Watoto wao wawili wako Seattle, wana kazi zao, hawana haja ya kuchimba. Barua za wanaotaka kununua ardhi wajenge nyumba huja mara kwa mara, kwa sababu Salem unapanuka. Wazee hao walikuwa wamekubaliana kwamba msimu huo ukiisha wataamua kama lango litafunguliwa tena au la.

Niliuliza kama wanachoogopa kupoteza ni mapato. Mama akatikisa kichwa, akanipeleka kwenye mstari wa mwisho karibu na ua wa mbao. Hapo pana airisi ambazo wazalishaji wake walikwisha kufariki na ambazo bustani kubwa hazizitaji tena katika katalogi, kwa kuwa haziuziki. Nyingine alipewa na mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Trekta likipita hapo siku moja, alisema, zitakuwa zimekwisha duniani, na hapatakuwa na mtu wa kujua kwamba zilikuwako.

Jambo hilo si la kwake pekee. Kuna chama, Historic Iris Preservation Society, ambacho wanachama wake hutunza airisi zilizopita miaka 30 tangu kutolewa, kila mmoja uani kwake, ili aina moja isitegemee bustani moja. Mama huyo ameanza kugawa mstari ule bila malipo. Kila jirani anayekubali hupewa matunguu mawili na kibao chenye jina. Masharti yake ni hayo tu, kibao kisitoke.

Kwa msomaji wa huku

Bila shaka wapo watakaouliza kama airisi yenye ndevu yaweza kupandwa Kenya. Ua hili limezoea baridi kali kabla ya kuchanua. Katika nyanda za juu huweza kumea, lakini kuchanua kwake hakuaminiki, na pwani mtu asijisumbue. Tena asithubutu mtu kutia tunguu katika mkoba akitoka Marekani. Mmea wowote unaoingia nchini hutaka kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, pamoja na hati ya afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Sheria hiyo ipo ili kulinda mashamba yetu.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali. Jamaa ya airisi wako humu humu. Katika mlima Kenya na Aberdare hukua gladiolasi mwekundu wa porini, na huyo ni wa familia hii. Dietes, ambayo Waingereza huiita airisi ya Kiafrika, hupandwa sana katika bustani za Nairobi. Haitaki baridi, huvumilia ukame, na hugawanywa kwa jembe kama nyasi. Fungu moja lililokomaa huweza kutoa vichipukizi vya kujaza ukingo mzima wa nyumba.

Wanaouza miche kando ya barabara ya Ngong na ile ya Kiambu wanajua tayari kwamba mmea unaojizalisha ni mtaji. Ambalo wengi wao hawana ni kile kibao. Mteja hununua mche, akaulizwa nyumbani ni ua gani, hajui. Akitaka mwingine kama huo mwaka ujao hana la kutaja, na muuzaji naye hana la kukumbuka. Kibao cha bati na kalamu ya wino mzito ni gharama ndogo kwa familia yoyote yenye uwanja nyuma ya nyumba, hata kama ni hatua kumi tu, na watoto wa shule wanaweza kuwa makarani wa kazi hiyo siku za likizo.

Na msomaji atakayejaliwa kufika Oregon kwa ajili ya riadha au masomo, aende Keizer katika wiki mbili za mwisho za Mei. Bustani ya Schreiner hutoza kiingilio kidogo. Aendelee hata Silverton kwa njia za mashambani, na akiona meza langoni yenye daftari na kisanduku, asimame. Awe na noti ndogo ndogo, kwa sababu mara nyingi hakuna wa kumpa chenji.